Ndege ya Jumapili ilienda Jumamosi

Wacha niiseme mwenyewe kabla shangazi zangu hawajaileta hapa na chumvi yao: ni mimi nilifanya Mama akaachwa na ndege. Haikuwa jam, haikuwa mvua, haikuwa gari kuharibika. Ni mimi, tiketi mkononi, na masomo yangu yote.

Ilikuwa hivi. Dada yangu anakaa Minnesota, karibu na Minneapolis, na mwezi wa kwanza alikuwa karibu kujifungua, na nyinyi mnajua vile kwetu mambo huenda, mama mzazi lazima aende amkande na maji moto, ampikie uji, amshikie mtoto alale. Visa ikatoka, tiketi ikakatwa, ya bei nafuu kiasi, inapitia Ghuba halafu Chicago halafu Minneapolis. Ikaandikwa Jumapili, 00:35. Mimi ndiye mtu wa kompyuta wa familia, nikaisoma mara moja tu, nikatangaza kwa grupu ya WhatsApp: Mama anatoka Jumapili usiku, saa sita na nusu hivi. Kila mtu akaweka emoji ya ndege na mikono ya maombi.

Wengine wenu mshaona shida iko wapi. Sisi kwa grupu tulikuwa watu kumi na nane na hakuna aliyeona.

Jumamosi jioni nyumba yetu hapa Donholm, Nairobi, ilijaa hadi kwa ngazi. Mjomba alitoka Machakos, shangazi wakaja na chapo, wamama wa jumuiya wakaomba maombi marefu ya safari, walimkabidhi Mungu rubani, injini, matairi, kila kitu. Watu wakaondoka wamechelewa, mimi na Mama tukabaki tunaosha vyombo, ilikuwa saa saba kasoro, tukasikia ndege inanguruma huko upande wa Embakasi, kwa uwanja wa ndege wa JKIA. Nikamwambia, "Mama, kesho saa hizi ni wewe." Akacheka, akasema amina. Sasa nikikumbuka najua inawezekana kabisa ile ndiyo ilikuwa yake. Hiyo sehemu sijawahi kumwambia, naiandika hapa kwa sababu yeye blogu hasomi.

Jumapili jioni tukafika JKIA mapema kabisa, nikijisifu kwa hiyo mapema. Pale kwa ukaguzi abiria wakashuka kwa gari kama kawaida, wakapita kwa mashine, wakarudi kwa gari, tukaenda hadi kwa mlango wa kuondokea. Kijana wa mlangoni akachukua karatasi, akaiangalia, akaangalia Mama na ile kofia yake ya baridi ashavaa tayari, akaniangalia mimi.

"Hii ilienda jana usiku."

Mama akauliza, "Jana gani?"

Na ukifikiria vizuri hilo ni swali la maana sana. Sisi watu wa Kiswahili siku yetu haigeuki usiku wa manane, hakuna mtu hukaa macho akingoja Jumapili iingie saa sita. Saa zetu zinaanza na jua, likishachomoza ni saa moja, likizama tunaanza upya saa moja ya usiku, kwa hivyo saa sita usiku ni katikati ya usiku, uko ndani kabisa ya ule usiku ulioanza jioni. Ukiambia mtu "Jumapili saa sita na nusu usiku" anajua ataamka Jumapili, aende kanisani, ale lunchi, alale kidogo, kisha aende. Wazee walishatupatia neno la kutuokoa hapa, usiku wa kuamkia Jumapili, na watangazaji wa redio bado wanalitumia, lakini tiketi haijui kuamkia ni nini. Tiketi ikifika 00:00 imegeuza siku, imemalizana na Jumamosi, na 00:35 ya Jumapili ni dakika thelathini na tano tu baada ya ile Jumamosi ambayo wewe bado unakula chapati zake.

Siku hizi nafundisha kila mtu, hata wale hawajaniuliza. Saa za tiketi ukitaka kuzirudisha kwa za kwetu toa sita, 15:10 inakuwa saa tisa na dakika kumi. Zikipita kumi na nane toa kumi na nane, 23:59 ni saa tano na dakika hamsini na tisa usiku. Ukiona inaanza na 00, 01 au 02, simama, vuta pumzi, uende eapoti jioni ya siku iliyotangulia. Na saa zote kwa tiketi ni za mahali ndege iko wakati huo, za kuondoka ni za unapotoka, za kufika ni za unapofika. Hii ya mwisho ishikilie, inarudi huko chini.

Basi tukarudi nyumbani na masutikesi. Mama alinyamaza hadi barabara ya Outering, nikajua nimekwisha. Halafu akauliza swali ambalo sikutarajia.

"Kwani huko ni mbali kiasi gani?"

Nikamwambia ni kama kilomita elfu kumi na tatu na kitu.

"Hiyo ni Mombasa ngapi?"

Mama hupima dunia na Mombasa. Bei ya mchele, umbali, joto, kila kitu kina Mombasa ndani. Nikatoa simu nikapiga hesabu. Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni kama 485, lakini kwa ndege, ule mstari ulionyooka, ni kama 420 tu. Nairobi hadi Minneapolis mstari ulionyooka ni kama 13,150. Gawanya. Nikamwambia ni Mombasa thelathini na moja hivi.

Akafikiria kidogo. "Wakati wa harusi ya binamu yako nilienda na ndege, ilikuwa saa moja. Basi ni masaa thelathini na moja."

Nikacheka (usicheke mama yako siku umemfanya aachwe na ndege). Nikaanza kumweleza kwamba haiendi hivyo, ndege ya Mombasa inatumia sehemu kubwa ya safari kupanda na kushuka, haijamaliza kunyooka rubani ashaanza kuteremka, lakini hizi kubwa zikishafika huko juu zinakaa kwa kama kilomita 900 kwa saa masaa na masaa. 13,150 gawanya kwa 900 ni kama kumi na nne na nusu. Nikamwambia, "Mama, ni masaa kumi na tano, tusidanganyane." Akaniangalia tu. Hiyo sura nitairudia.

Usiku huo sikulala, dada yangu alikuwa ananitumia voisinoti za kunigombeza kutoka huko, na mimi nikiwa na hatia huwa nasoma vitu. Nikachukua ile dunia ya plastiki ya mtoto wangu ya shule, nikachukua uzi wa kushonea, nikabandika upande mmoja Nairobi na mwingine Minnesota, nikauvuta ukaze. Jaribu siku moja, utashangaa. Kwa ramani ya ukutani ungesema unatoka hapa unavuka Kongo, unaingia bahari ya Atlantiki, unafika Amerika ukienda magharibi tu na kupanda kidogo kidogo. Uzi haukufanya hivyo. Ulipanda kaskazini, Sudan Kusini, Sudan, ukakata Libya na Algeria, ukavuka Mediterania, ukapita Uhispania huko karibu na Madrid, halafu ndio ukaingia baharini, na bado ukazidi kupanda hadi ukagusa Newfoundland ya Kanada, kisha ukaanza kuteremka. Ramani ya ukutani inachukua kitu cha mviringo inakilaza, lazima inyooshe mahali fulani, na huko kaskazini ndiko inanyoosha zaidi, ndio maana njia fupi ukiichora kwa karatasi inaonekana imepinda kama upinde.

Kitu kilinifurahisha zaidi ni Amsterdam. Tiketi mpya tuliyopata ilikuwa inapitia huko na shangazi mmoja alikuwa ashalalamika kwamba tunamzungusha Mama Ulaya bure. Nikapima. Nairobi hadi Amsterdam ni kama 6,650, Amsterdam hadi Minneapolis ni kama 6,700. Yaani Amsterdam iko karibu katikati kabisa, kama mtu amekunja uzi mara mbili. Ukijumlisha ni kama 13,350, umezidisha ile njia iliyonyooka kwa kilomita 200 hivi, hiyo haifiki hata nusu ya kwenda Mombasa. Na Amsterdam haiko hata kwa uzi, iko pembeni kama kilomita 1,500! Safari ikiwa ndefu namna hii ukitoka kando kidogo katikati hulipi mengi. Lakini ile tiketi ya kwanza ya Ghuba, tuseme mtu apite Doha, Nairobi hadi Doha ni kama 3,350, Doha hadi Chicago kama 11,450, halafu 540 za kumalizia hadi Minneapolis. Hiyo ni zaidi ya 15,300. Umeongeza elfu mbili na ushee kwa sababu umeanza kwa kwenda kando kabla hujaanza kwenda. Bei ndiyo iliyokuwa inatuvuta huko, sitadanganya, na ni halali, kilomita hulipi wewe ni ndege inalipa.

Kwani hakuna ya moja kwa moja? Hadi Minneapolis hakuna. Ya moja kwa moja ya kwetu ni ile ya New York, Kenya Airways walianza tarehe 28 Oktoba 2018 na Boeing 787-8, wengi mnakumbuka ile siku, Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, alikuwepo kuiaga. Hiyo ni kama kilomita 11,840. Kwenda wanakuandikia kama masaa kumi na tano, kurudi kumi na nne. Umbali ni ule ule, kiti ni kile kile, lakini kwenda unapigana na upepo. Huko juu sana, upande wa kaskazini, kuna mito ya upepo inayokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki, wakati mwingine zaidi ya kilomita 160 kwa saa, na wakati wa baridi yao ndio inakasirika kabisa. Anayeenda Amerika inampiga kifuani, anayerudi inamsukuma mgongoni. Mtu akikuambia umbali wa kilomita muulize pia unaelekea wapi na ni mwezi gani.

Na tukiwa hapo kwa 787-8, kampuni inayoiunda inasema inaweza kwenda kama kilomita 13,500. Minneapolis ni 13,150. Nikaona kwa karatasi inatosha! Nikaruka kwa kiti saa tisa usiku kama mimi ndiye naanzisha ruti. Halafu nikakumbuka upepo, na akiba ya mafuta ambayo lazima ibebwe, na kitu kingine ambacho sisi watu wa Nairobi hatukifikirii kwa sababu tumezaliwa ndani yake. Tuko juu. JKIA iko mita 1,624 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyembamba, bawa linashika kidogo, injini inavuta kidogo, na jua likiwaka hewa inakuwa nyembamba zaidi, kwa hivyo ndege iliyojaa mafuta na watu na masutikesi ya unga wa wimbi lazima ikimbie mbali zaidi kabla haijainuka. Ndio maana barabara yetu ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Mombasa iko chini karibu na bahari, ndege ile ile hapo ingeinuka kwa raha na mzigo zaidi. Hiyo ni sababu moja ya hizi safari ndefu kupenda kutoka usiku, kumepoa, hewa imekaza kidogo. Nyingine ni kwamba ukitoka usiku unafika Ulaya asubuhi na kila mtu anakoneki na ndege zake za mchana. Sasa ile 00:35 iliyoniangusha haikuwa uchawi, hata kama shangazi mmoja alisema.

(Kwa wale wanaopenda kushindana, kuna ndege ya Singapore hadi New York, kilomita 15,300 na zaidi, zaidi ya masaa kumi na nane bila kugusa chini. Mimi miguu ilivimba nikisoma tu.)

Uzi wangu pia ulikuwa na shida ya dunia halisi. Plastiki haina vita. Tangu Aprili 2023 vita vilipoanza Sudan anga yao ilifungwa kwa ndege za abiria, na Libya nayo kampuni nyingi hazitaki kupita, kwa hivyo rubani anayetoka hapa kwenda Ulaya hafuati uzi, anazunguka, anachagua upande wa Chad au ule wa Bahari ya Shamu, na hizo kilomita hazionekani popote kwa tiketi. Wewe utaona tu dakika zimeongezeka na chai imepoa.

Jumatano ikafika. Tiketi mpya ilisema 23:59. Nikaiangalia nikacheka peke yangu, nadhani hiyo dakika moja iliwekwa hapo kwa ajili ya watu kama mimi. Hata hivyo nilimpigia mtu wa eapoti kuhakikisha ni Jumatano ya Jumatano, nikampigia tena, mara ya pili akanijua sauti.

Tulitoka Donholm saa moja jioni. Mara hii hakukuwa na maombi marefu, wamama walisema yale ya kwanza bado yanafanya kazi. Mama akaingia, hakugeuka nyuma, nikabaki nimesimama pale nje na baba watoto wengine tunajifanya tunaangalia simu.

Alifika Amsterdam saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi ya huko, masaa nane na nusu angani. Akakaa hapo karibu masaa saba, alinitumia picha ya sandwichi na bei yake na alama tatu za mshangao. Akatoka 13:15, akatua Minneapolis 15:10. Angalia hizo namba mbili. Kwa karatasi ni kama ameenda Thika na jam ya jioni. Kwa mwili wake alikaa kwa kiti masaa tisa kasoro dakika tano, kwa sababu Minneapolis wako nyuma ya Amsterdam masaa saba, na nyuma yetu tisa wakati wa baridi (wakisukuma saa zao mbele mwezi wa tatu inakuwa nane, sisi tuko karibu na ikweta, jua letu halibadiliki, hatusukumi kitu). Kwetu ilikuwa inakaribia saa sita na robo usiku. Kutoka Nairobi kupaa hadi kutua huko, masaa ishirini na manne na dakika chache. Ongeza uhamiaji, ongeza kungoja sutikesi, ongeza shemeji kutafuta gari kwa paking kwenye theluji. Alifungua mlango wa dada yangu saa nane usiku ya Nairobi, mimi niko macho, video imewashwa, mtoto wa siku nne amewekwa mbele ya kamera hata hajui anaonyeshwa nani.

Saa moja jioni ya Jumatano hadi saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa. Hesabu na vidole ukitaka, mimi nilihesabu mara tatu.

Thelathini na moja.

Mama hata hakuwa amevua kofia. "Ulisema ngapi wewe?"

Nikasema kumi na tano.

"Na mimi nilisema ngapi?"

Sasa anarudi mwezi huu wa sita. Anatoka Minneapolis Jumatano 15:30, anafika hapa Alhamisi 21:00, saa tatu usiku. Kurudi upepo unamsukuma, masaa yote toka kupaa hadi kutua ni ishirini na moja na nusu. Nimeandika kwa kalenda ya jikoni na kalamu nyekundu, nimeandika kwa grupu, nimeandika Alhamisi jioni, si Jumatano, si Ijumaa, saa tatu ya usiku ya kwetu, nikafikiri kwa mara ya kwanza nimemaliza kazi vizuri. Emoji za ndege zikaanza kuingia. Halafu Mjomba wa Machakos akaandika, peke yake, chini kabisa:

"Hiyo ni Alhamisi ya huko ama ya huku?"

Nikajibu ya huku. Kisha nikaenda kufungua tiketi tena.